Dawa nazisoma, nazisahau: nijiandaeje na famakolojia ya mtihani wa leseni?

"Shikamoo daktari. Nimemaliza masomo ya udaktari na ninajiandaa na mtihani wa Baraza la Madaktari. Niko Arusha, nakaa kwa dada yangu, eneo la Sakina. Zimebaki wiki 10. Masomo mengine nayamudu, ila famakolojia inanitesa. Nina kadi zaidi ya 900, kila moja ina jina la dawa, kundi lake, kazi yake na madhara yake, na zote nimezirudia mara tatu. Nikizisoma naona kabisa naelewa, nikifika kwenye maswali ya majaribio napata chini ya nusu. Swali likianza na habari za mgonjwa, hata sijui linataka dawa gani. Mahesabu nayaruka. Nalala saa nane au tisa za usiku kwa kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu, na siku hizi moyo unanienda mbio kila nikifungua daftari. Rafiki yangu kanishauri nimeze propranololi kidogo, ile dawa ya kupunguza kasi ya moyo, asubuhi ya mtihani, yeye anasema ilimsaidia. Utotoni nilikuwa na pumu, sasa inanibana mara mojamoja tu msimu wa baridi. Je, kichwa changu ndicho hakifai kwa famakolojia, au kuna namna ya kuisoma?"

Marahaba, mdogo wangu, na pole na msuli unaoupiga. Nianze na propranololi, maana hiyo haisubiri. Usiimeze. Dawa hiyo hufunga vipokezi vya beta, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe wa adrenalini, bila kuchagua. Vya beta 1 viko moyoni, na kuvifunga ndiko kulikomtuliza rafiki yako. Vya beta 2 viko kwenye misuli laini ya njia za hewa, na kazi yao ni kuilegeza ili hewa ipite. Mtu mwenye pumu, hata ile ya kubana mara mojamoja, akifungwa vipokezi hivyo anaweza kubanwa vibaya sana. Kibaya zaidi, salbutamoli ya kuvuta ambayo ndiyo angeikimbilia inafanya kazi kupitia beta 2 zilezile ambazo zimeshakaliwa. Kilichomsaidia mwenzako kinaweza kukulaza wewe wodini siku ya mtihani.

Sasa tazama jambo moja. Naamini kadi yako ya propranololi ina neno pumu mahali fulani, na umeipitia mara tatu. Lakini ushauri wa rafiki ulipokuja, ile kadi haikuinuka. Kichwa chako hakina kasoro. Elimu uliyoihifadhi inafunguka kwa upande mmoja tu: ukipewa jina la dawa unaweza kutaja yaliyo chini yake. Mgonjwa haji na jina la dawa. Anakuja na kifua kinachobana, presha, mimba ya wiki 30 na vidonge alivyonunua dukani, na mtihani umeandikwa kwa kumfuata mgonjwa huyo. Umejiandaa kutoka kwenye dawa kwenda kwa mgonjwa, nao wanakuuliza kutoka kwa mgonjwa kwenda kwenye dawa.

Dhana ya kwanza ninayotaka uiache ni kwamba ukisoma na kuona unaelewa, basi unajua. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi habari fupi za kusoma. Wengine waliirudia kuisoma tena na tena. Wengine waliisoma, wakaiweka kando, wakajitahidi kuandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki 1, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi, tena kwa tofauti kubwa. Na waliorudia kusoma ndio waliokuwa na imani zaidi kwamba watakumbuka. Ndiyo hali yako hiyo. Abiria wa kila siku wa kifodi cha Sakina anaitambua kila kona akiwa amekaa kiti cha nyuma, ila mwambie akuchoree njia kwenye karatasi tupu uone atakavyosita. Kutambua na kukumbuka ni kazi mbili tofauti, nawe umefanya mazoezi ya ile moja.

Dhana ya pili ni kwamba famakolojia ni somo la kukariri. Kuna vya kukariri, nitavifikia. Lakini sehemu kubwa ni fiziolojia, elimu ya jinsi mwili unavyofanya kazi, mliyosoma mwaka wa kwanza, ikiwa na mkono unaoongeza hapa na kupunguza pale. Twende na mfano mmoja taratibu, kwa sababu humu ndimo alama zako zilimojificha.

Mkulima wa nyanya kutoka Ngarenanyuki analetwa hospitali jioni. Kutwa alikuwa anapuliza dawa shambani bila barakoa wala glavu. Mate na machozi yanamtoka, jasho limemlowesha shati, ameharisha, amejikojolea. Mboni za macho zimesinyaa zikawa ndogo kabisa, kifuani kunasikika majimaji, mapigo ya moyo ni 48 kwa dakika, na nyama za mapaja zinachezacheza zenyewe. Unampa nini, na utajuaje kwamba umempa ya kutosha?

Ukianza kupekua kadi kichwani utakwama. Anza na mwili. Ni kemikali gani ya neva inayofanya mate yatoke, utumbo ukaze, kibofu kifunguke, mboni zisinyae na moyo upunguze mwendo? Asetilikolini. Kwa kawaida nani anaiondoa ikishamaliza kazi? Kimeng'enya kiitwacho asetilikolinesterasi. Sumu za kundi la oganofosfeti, ambamo zimo dawa nyingi za kuulia wadudu shambani, hukikamata kimeng'enya hicho, hivyo asetilikolini inarundikana kila mahali inapofanya kazi. Inapokutana na vipokezi vya muskarini, kwenye tezi, utumbo, kibofu, macho, moyo na mapafu, unapata yale majimaji yote. Inapokutana na vipokezi vya nikotini kwenye misuli ya mifupa, misuli inachezacheza, kisha inachoka na kulegea.

Sasa ingiza atropini. Inakalia vipokezi vya muskarini na kuizuia asetilikolini isivifikie. Kwa hiyo, bila kadi yoyote, unaweza kutabiri kwamba kifua kitakauka na mapigo yatapanda. Unaweza pia kutabiri isichoweza kufanya: haina la kufanya kwenye vipokezi vya nikotini, kwa hiyo udhaifu wa misuli utabaki, na mgonjwa anaweza kushindwa kupumua hata kama kifua kimekauka. Ndiyo maana mgonjwa huyu hawekwi kona ya wodi akaachwa. Kwa mtu mzima huanzwa na miligramu 1 hadi 3 kwenye mshipa, kisha dozi huongezwa maradufu kila baada ya dakika 5 hadi kifua kiwe kikavu, mapigo yapite 80 kwa dakika na namba ya juu ya presha ipite 80. Mboni hazisubiriwi, na mtahini anapenda kuziweka katika majibu kwa sababu anajua wengi watazichagua. Pralidoksimu, ile inayojaribu kukiachisha kimeng'enya na sumu kabla hawajashikana moja kwa moja, ina tafiti zenye matokeo yanayopingana, hivyo usikubali kuitafuta kukucheleweshe kutoa atropini.

Ukishaelewa mkulima huyu, tazama umepata nini cha bure. Ukiwa na mgonjwa ambaye asetilikolini haifanyi kazi ya kutosha kwenye misuli yake, yaani mwenye maiasthenia gravisi, unajua kwa nini neostigmini inamsaidia na kwa nini ikizidi atafanana na mkulima wetu. Unajua kwa nini ipratropiamu hufungua njia za hewa. Unajua kwa nini amitriptilini, promethazini na klorfeniramini, ambazo nazo hugusa muskarini pembeni ya kazi zao, hukausha mdomo, hufunga choo na kutia ukungu machoni. Na babu mwenye tezi dume aliyepewa amitriptilini kwa maumivu ya miguu, kesho yake akashindwa kukojoa, huhitaji kadi yake. Madhara mengi ya dawa ni kazi yake ileile imetokea mahali usipoitaka.

Jaribu mwingine mwenyewe kabla hujasoma ninachosema. Bibi wa Machame anatumia enalaprili na hidroklorothiazidi kwa presha. Magoti yamemuuma, akanunua diklofenaki duka la dawa, akameza siku 10, tena siku hizo anaharisha kidogo na hanywi maji ya kutosha. Kreatinini, taka ya damuni inayoonyesha figo zinachuja vipi, imepanda. Kwa nini? Weka simu chini, chora kichujio cha figo: mshipa mdogo unaoingiza damu, mshipa mdogo unaoitoa.

Mshipa wa kuingiza hubaki wazi kwa msaada wa prostaglandini, na diklofenaki inazipunguza, basi mlango wa kuingilia unabana. Mshipa wa kutolea hubanwa na angiotensini 2 ili shinikizo ndani ya kichujio lisishuke. Enalaprili imeipunguza, basi mlango wa kutokea umelegea. Dawa ya kukojoza, yaani hidroklorothiazidi, pamoja na kuharisha vimepunguza damu yenyewe. Kinachoingia ni kidogo, kinatoka kirahisi, na shinikizo la kuchuja limeanguka. Ukichora mara moja kwa mkono wako, hutasahau mchanganyiko huu, na utajua hapohapo kwa nini enalaprili ni hatari kwa mwenye mishipa ya figo iliyosinyaa pande zote mbili. Ongeza kwamba angiotensini ikipungua aldosteroni, homoni inayotoa potasiamu kwenye mkojo, nayo inapungua na potasiamu inabaki mwilini, halafu ujiulize kitakachotokea mtu akiongeza spironolaktoni.

Kuhusu kadi zako 900, mimi nashauri uziweke kwenye boksi. Sisemi uzitupe, ila zisiwe ndizo zinazokuongoza. Chukua Mwongozo wa Taifa wa Tiba pamoja na orodha ya dawa muhimu, toleo la 2021 au jipya zaidi ukilipata, uanze na magonjwa: malaria kali, kifua kikuu, VVU, nimonia ya mtoto, presha, kisukari, pumu, kifafa, kifafa cha mimba, kutokwa damu baada ya kujifungua, maambukizi ya damu, sumu. Kwa kila ugonjwa, kunja mwongozo, andika dawa ya kwanza, kwa nini hiyo, nani asipewe, na utaangalia nini baada ya kumpa. Kisha fungua usahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Dawa ambayo haijatokea kwenye ugonjwa wowote muhimu inaweza kusubiri. Mikia ya majina kama -olol, -pril na -sartan ikusaidie kutambua kundi, lakini usiitegemee kupita kiasi: omeprazoli, flukonazoli na metronidazoli zinafanana mkia na hazina undugu wowote wa kazi.

Kadi mpya utakazoandika zigeuze. Mbele weka mgonjwa, nyuma weka sababu. Kwa mfano mbele: "Mama mwenye kifafa cha mimba yuko kwenye magnesiamu salfeti. Unagonga chini ya goti, mguu hauruki. Unafanya nini?" Nyuma: "Sitisha dozi inayofuata, hesabu pumzi, angalia mkojo, andaa kalsiamu glukoneti gramu 1 ya mshipani. Mguu kutoruka hutangulia kupumua kukwama. Magnesiamu hutolewa na figo, kwa hiyo mkojo ukipungua inarundikana." Kadi moja ya namna hiyo ina thamani kuliko kumi za mwanzo. Ukiijibu sawa, irudie baada ya siku chache, kisha wiki, kisha wiki tatu. Ukiikosa, irudie kesho.

Yapo ya kukariri kweli, na hapa sitakudanganya kwamba kuelewa kunatosha. Dawa za kifua kikuu ni mfano mzuri, na katika kanda yenye Kibong'oto, hospitali ya kifua kikuu iliyoko Kilimanjaro, hakuna kisingizio cha kutozijua. Isoniazidi hugusa neva za miguu na mikono, hivyo huambatana na vitamini B6. Pirazinamidi hupandisha asidi ya yuriki. Ethambutoli hugusa neva ya jicho, na rangi nyekundu na kijani huanza kuchanganyika. Rifampisini huutia mkojo rangi ya chungwa. Hayo yameze. Ila hata hapo, rifampisini ina jambo la kuelewa: huliamsha ini litengeneze vimeng'enya vingi zaidi vya kuvunja dawa nyingine. Kutokana na sentensi hiyo moja unapata kwamba mgonjwa wa VVU anayetumia dolutegraviri ataimeza miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja, mama mwenye kijiti cha uzazi wa mpango anaweza kupata mimba, na anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, damu yake itaanza kuganda zaidi kuliko ulivyopanga. Kariri pia dawa za kuzima sumu pamoja na dozi za dharura.

Mahesabu unayoyaruka ni alama rahisi kuliko zote, kwa kuwa fomula ni chache na hazibadiliki. Chukua dawa ambayo ujazo wake wa kusambaa mwilini ni lita 40, mwili unaisafisha kwa kasi ya lita 4 kwa saa, na unataka damuni kuwe na miligramu 10 kwa lita. Dozi ya kuanzia ni ya kujaza ujazo wote: 40 mara 10, miligramu 400. Dozi ya kuendelea ni ya kurudisha kinachosafishwa: 4 mara 10, miligramu 40 kwa saa. Muda wa dawa kupungua nusu ni 0.7 mara ujazo, ugawe kwa kasi ya kusafisha: 0.7 mara 40, gawa kwa 4, saa 7. Ukianza bila dozi ya kujaza, kiwango kitatulia baada ya muda huo mara 4 hadi 5, yaani saa 28 hadi 35. Sasa figo zinazoitoa zimeharibika, kasi imeshuka hadi lita 2 kwa saa. Dozi ya kuanzia inabaki 400, kwa sababu ujazo haujabadilika. Dozi ya kuendelea inashuka hadi 20 kwa saa. Muda wa nusu unapanda hadi saa 14, hivyo kutulia kunachukua siku mbili na zaidi. Wengi hupunguza dozi ya kwanza kwa mgonjwa wa figo kwa woga, na mtahini analijua hilo. Rudia hesabu hii kwa namba zako mwenyewe hadi mkono uende bila kufikiri.

Benki za maswali za nje, hasa za Marekani, zinasaidia kwenye mifumo ya utendaji wa dawa na kukuzoesha maswali marefu. Hasara yake ni kwamba zitakujaza dawa ambazo hutaziona hospitali za Mawenzi wala Mount Meru, na malaria zinaigusa juujuu. Zitumie kwa fiziolojia, kisha tiba isahihishe kwa mwongozo wa hapa nyumbani. Diskasheni za vimbweta ni nzuri kama kila mmoja anakuja na mgonjwa aliyemwandika na wengine wanajibu daftari zikiwa zimefungwa. Mmoja akiongea wengine wakinakili, bora ukalale.

Kwa ratiba, wiki 6 za kwanza zitoshe kupita magonjwa makubwa kwa namna niliyoeleza, huku kila asubuhi ukianza na maswali 20 mchanganyiko kabla ya kufungua chochote. Wiki 3 zinazofuata maswali yawe mengi kuliko usomaji, na daftari la makosa likuongoze. Wiki ya mwisho usianze jambo jipya.

Sasa kahawa. Kafeini hufunga vipokezi vya adenosini, ile kemikali inayokuletea usingizi, na kwa wastani hupungua nusu kila baada ya saa 5. Ukinywa saa nne usiku, saa tisa nusu yake bado inafanya kazi ubongoni. Utalala, ila usingizi mwepesi, na usingizi mzito ni sehemu ya kazi ya kuhifadhi ulichosoma. Moyo unaokwenda mbio nao una mkono wa kafeini, juu ya wasiwasi. Kunywa yako asubuhi, ya mwisho isipite saa nane mchana, vinywaji vya kuongeza nguvu uviache, punguza kwa siku kadhaa badala ya kukata ghafla usije ukaumwa kichwa. Saa tano usiku daftari lifungwe.

Kama baada ya wiki mbili za kulala vizuri na bila vinywaji hivyo moyo bado unakwenda mbio, au usingizi hauji, hamu ya kula imekwisha, au unajikuta unalia bila sababu, nenda ukaonwe, na mweleze daktari kuhusu pumu waziwazi. Usisubiri wiki hizo mbili kama kuna maumivu ya kifua, kuzimia, kushindwa kupumua au mawazo ya kujidhuru; hapo ni leo, na dada yako ajue. Na hiyo pumu inayobana msimu wa baridi ipelekwe kliniki vilevile, kwa sababu Julai ya Arusha unaijua.

Kwa upande wa masomo, ukifanya maswali kwa njia hii wiki tatu na alama zikabaki palepale, tafuta mtu wa kukaa naye ana kwa ana. Beba daftari la makosa na karatasi ulizokokotolea, usibebe kadi. Mfamasia wa hospitali anayezunguka wodini na madaktari ni mwalimu mzuri sana wa somo hili na wachache humfuata. Mwombe akae nawe nusu saa kwenye faili tatu za wagonjwa, na kwa kila dawa iliyoandikwa mwache akuulize kwa nini huyu, kwa nini dozi hii, na kesho asubuhi utaangalia nini.